Kwa Nini Mwili Umeifungia Telomerasi: Uzee, Saratani na Uvimbe wa Taya Bonde la Kyela

Bumu likitoka tu, watu wa vidonge nao wanatoka. Wanakaa kwenye vimbweta, wamependeza, wana vipeperushi vya rangi, na siku hizi wamejifunza neno jipya: telomia. Maelezo yao ni haya: mwili unazeeka kwa sababu telomia zako zinafupika; kuna kimeng'enya kinachoweza kuzirefusha; kidonge chetu kinakiamsha; nunua, usizeeke. Kopo moja linakula hela ya msosi ya wiki kadhaa. Nimeona wenzetu wakinunua, na wengine wakiwatumia wazazi wao nyumbani kwa basi, kwa mapenzi kabisa.

Kinachonisumbua ni kwamba sentensi mbili za mwanzo ni za kweli. Uongo mtupu ni rahisi kuukataa. Ukweli uliokatwa nusu ndio unaotutoa hela. Nusu ambayo kipeperushi hakiisemi ni kwamba kimeng'enya hicho hicho, telomerasi, ndicho ambacho saratani nyingi hukihitaji ili ziendelee kuishi. Mwili wako haukukizima kwa kusahau. Umekifungia, na una sababu.

Makala hii ni ya kueleza nusu zote mbili. Tutaanza na seli, tupite kwa panya, tembo na fuko wa Kenya, halafu tushuke mpaka bonde la Kyela nilikokulia, ambako kuna saratani ya watoto inayoonyesha vizuri kuliko kitabu chochote ni nini hutokea kufuli hilo likivunjwa. Usiogope kama Baiolojia uliiacha kidato cha nne. Nasomea ualimu, kazi yangu ni kueleza.

Ncha ya kamba

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, yaani nyuzi ndefu za DNA. Kila uzi una ncha mbili, kwa hiyo seli moja ina ncha 92. Sasa, wavuvi wa Ziwa Nyasa wakikata kamba ya naironi, huwa wanaichoma ncha kwa moto ili isifumuke. Telomia ni hiyo ncha iliyochomwa. Isipokuwepo, seli huidhania ncha ya kromosomu kuwa ni DNA iliyokatika kwa bahati mbaya, na mafundi wake wa ukarabati wanakuja kuiunga na ncha ya kromosomu nyingine. Hapo vurugu inaanza. Hermann Muller, aliyechunguza nzi wa matunda, na Barbara McClintock, aliyechunguza mahindi, waliliona jambo hili miaka ya 1930.

Telomia imetengenezwa na nini? Na herufi za DNA zinazojirudia kama kibwagizo. Kwa binadamu na mamalia wengine kibwagizo ni TTAGGG, TTAGGG, TTAGGG, maelfu ya mara. Hakina maelekezo yoyote ya kutengeneza protini. Ni akiba ya kuliwa. Mtoto mchanga anazaliwa na akiba ya herufi kama 10,000 hadi 15,000 kila ncha.

Kwa nini iliwe? Fikiria kulima jaruba la mpunga kwa plau ya ng'ombe. Ng'ombe wanatangulia, plau iko nyuma yao. Wakifika kwenye tuta la mwisho wanasimama, na kile kipande walichokikanyaga wao, kati ya tuta na plau, hakilimwi. Mashine ya kunakili DNA ina tatizo hilo hilo: inahitaji mahali pa kuanzia, na mahali penyewe pa kuanzia hapanakiliwi. Kila seli inapogawanyika, ncha inapungua kiasi cha herufi 50 hadi 200. Mrusi Alexey Olovnikov alilitabiri tatizo hili mwaka 1971 na Mmarekani James Watson akalieleza mwaka 1972. Kabla yao, mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walikuwa wameshaonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara zinagawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zinagoma. Walijua kwamba kuna saa inayohesabu. Hawakujua saa yenyewe iko wapi.

Telomia zikiwa fupi mno, seli inastaafu. Haifi, lakini haigawanyiki tena. Na kama wastaafu wengine, haikai kimya: inatoa kemikali zinazochochea uvimbe na kuwasumbua majirani zake. Seli za namna hii zikirundikana kwenye ngozi, mishipa na viungo, hiyo ni sehemu mojawapo ya kile tunachokiita kuzeeka. Nasisitiza sehemu mojawapo. Uzee una njia nyingi.

Fundi anayetembea na kipimo chake

Sasa jiulize: kama ncha zinaliwa kila kizazi cha seli, imekuwaje binadamu hatujaisha? Mama yako alikupa kromosomu zake, na yeye alipewa na bibi yako. Mbona wewe ulizaliwa na telomia ndefu?

Jibu lilipatikana siku ya Krismasi mwaka 1984, California, Marekani. Carol Greider, mwanafunzi wa uzamivu chini ya Elizabeth Blackburn, alikwenda maabara sikukuu hiyo kuangalia matokeo ya jaribio lake, akaona alama za kitu kinachoongeza herufi kwenye ncha za DNA. Alikuwa na miaka 23, mwaka mmoja tu zaidi yangu. Walikuwa wanachunguza kiumbe mdogo wa majini anayeitwa Tetrahymena, ambaye hakuna mtu nje ya maabara aliyekuwa na habari naye. Kitu kile wakakiita telomerasi. Mwaka 2009 wawili hao, pamoja na Jack Szostak, walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Telomerasi ni kama fundi cherehani anayetembea na kipimo chake mfukoni. Ndani yake mna kipande cha RNA kinachobeba mfano wa kile kibwagizo. Inakaa kwenye ncha, inasoma mfano, inaongeza herufi sita, inasogea, inaongeza sita nyingine. Sehemu ya protini inayofanya kazi ya kushona inaitwa TERT. Likumbuke jina hilo, tutalirudia.

Kwenye kiinitete tumboni telomerasi inafanya kazi kwa nguvu. Kwenye seli zinazotengeneza mbegu za uzazi inaendelea, ndiyo maana watoto wanaanza na akiba mpya. Kwenye seli shina za uboho, ngozi na utumbo ipo kwa kiasi. Seli za kinga nazo zinaiwasha kwa muda zikiwa vitani. Lakini kwenye seli nyingi za kawaida za mtu mzima jeni ya TERT imezimwa. Fundi kafungiwa nje.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walimrudisha fundi huyo ndani: waliziingizia seli za kawaida za binadamu jeni ya TERT, na seli zikapita kikomo cha Hayflick, zikaendelea kugawanyika zikiwa na sura ya ujana. Vipeperushi vya watu wa vidonge vimezaliwa hapo. Lakini seli kwenye bakuli la kioo ni kitu kimoja. Mnyama mzima ni kitu kingine.

Panya angetuzika sote

Kama telomia ndefu na telomerasi nyingi ndiyo maisha marefu, basi panya wa maabara angekuwa anatuzika sisi. Telomia zake ni ndefu kuliko zetu mara kadhaa, na telomerasi yake inafanya kazi kwenye tishu nyingi. Anaishi miaka 2 hadi 3, na saratani inamuua sana.

Panya huyo huyo, hata hivyo, ametufundisha kwamba telomerasi si kitu cha mchezo. Mwaka 1997 Maria Blasco, Carol Greider na wenzao walitengeneza panya wasio na telomerasi kabisa. Vizazi vya kwanza havikuonyesha shida, kwa sababu walikuwa wanakula akiba ndefu ya wazazi. Kufikia kizazi cha sita walikuwa hawazai tena, na panya wa vizazi hivyo vya mwisho waliota mvi mapema na vidonda vyao vilichelewa kupona. Baadaye kikundi cha Ronald DePinho kilitengeneza panya ambaye telomerasi yake inaweza kuzimwa na kuwashwa. Walimzeesha kwa kuizima, kisha wakaiwasha, na viungo kadhaa vikarudi kuwa na afya. Mwaka 2012 kikundi cha Blasco, Hispania, kiliwapa panya wazima jeni ya TERT kwa kutumia virusi visivyo na madhara. Waliopewa wakiwa na mwaka mmoja waliongezewa maisha kwa wastani wa asilimia 24, na waliopewa wakiwa na miaka miwili asilimia 13, bila saratani kuongezeka. Hayo ni matokeo ya kweli na ya kufurahisha, na ni haki kuyasema.

Ila panya ni panya, mwenye gramu 30. Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walijiuliza mamalia wengine wanafanyaje. Walichukua spishi 15 za jamii ya panya, wengine wenye gramu chache, mwingine ni kapibara wa Amerika Kusini anayezidi kilo 50, wakapima telomerasi kwenye tishu zao. Ungetegemea wanaoishi sana ndio wawe na telomerasi nyingi. Haikuwa hivyo. Urefu wa maisha haukuonyesha uhusiano wowote. Kilichoonyesha uhusiano ni uzito wa mwili: kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa, ndivyo telomerasi inavyozimwa.

Sababu ni hesabu tu. Saratani inaanza na seli moja iliyoharibika. Mwili mkubwa una seli nyingi zaidi, na zimegawanyika mara nyingi zaidi mpaka kufika ukubwa huo. Ni kama tiketi za bahati nasibu mbaya: mwenye tiketi nyingi yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo wanyama wakubwa, sisi tukiwemo, wameweka kufuli: seli isiruhusiwe kugawanyika milele. Hata ikiharibika, itaishiwa akiba kabla haijawa uvimbe wa kuua.

Wengine wameweka makufuli ya ziada. Tembo wa Afrika, yule unayemkuta Ruaha, ana nakala 20 hivi za jeni ya TP53, inayoamuru seli yenye kasoro ijiue. Sisi tuna moja tu, tuliyoipata kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana pamoja na mwili wote ule, tembo wachache sana wanakufa kwa saratani. Jambo hili lilichapishwa mwaka 2015.

Halafu kuna yule fuko asiye na manyoya anayeishi ardhini Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana gramu 35 hivi, sura yake ni kama kidole kilichokaa sana kwenye maji, na anaishi zaidi ya miaka 30. Telomerasi yake haijazimwa, kama ilivyo kwa panya wenzake wadogo, lakini saratani kwake ni nadra mno. Ametumia kufuli tofauti: seli zake zinaacha kugawanyika mapema sana zikianza kubanana, zikisaidiwa na ute mzito unaozizunguka. Fundisho lake ni kwamba unaweza kuishi sana na telomerasi yako ikiwa wazi, ilimradi uwe na ulinzi mwingine. Sisi ulinzi huo hatuna. Huwezi kununua telomerasi ya fuko ukaacha dukani ulinzi wake.

Telomerasi haianzishi moto, inaongeza kuni

Mwaka 1994 watafiti walipima uvimbe wa saratani za aina nyingi za binadamu na kukuta telomerasi kwenye sehemu kubwa sana. Leo inajulikana kwamba kama asilimia 85 hadi 90 ya saratani zimeiwasha. Zilizobaki zina njia nyingine ya kurefusha ncha, kwa kunakiliana wenyewe kwa wenyewe.

Hapa tuwe makini, maana ndipo wengi wanapokosea hata kwenye mitihani. Telomerasi haisababishi saratani. Zile seli za mwaka 1998 zilizopewa TERT hazikugeuka saratani. Saratani inahitaji kwanza mabadiliko mengine: breki ikatike, pedali ya mafuta ing'ang'anie. Ila seli iliyokatika breki bila telomerasi itakimbia kidogo tu, halafu mafuta yataisha. Telomerasi ni kituo cha mafuta kisichofungwa.

Kuna kizungumkuti kingine: hata telomia fupi zinaweza kuleta saratani. Seli ikipuuza amri ya kustaafu na kuendelea kugawanyika, ncha zinaisha kabisa, kromosomu zinaungana ovyo na kukatika tena. Seli nyingi zinafia hapo. Chache zinatoka kwenye vurugu hiyo zikiwa na jeni zilizovurugika, na zile zilizofanikiwa kuiwasha telomerasi ndizo zinazokuwa saratani kamili. Kwa hiyo telomia fupi ni ulinzi ukiwa kijana, na ni hatari ukiwa mzee. Hii ni sababu mojawapo ya saratani nyingi kuja uzeeni.

Mfano maarufu ni seli za HeLa, zilizochukuliwa kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951, bila ridhaa yake. Seli hizo bado zinagawanyika kwenye maabara za dunia mpaka leo. Telomerasi ya binadamu kwa mara ya kwanza ilitambuliwa ndani ya hizo hizo, mwaka 1989.

Bonde la Kyela na uvimbe wa taya

Sasa twende nyumbani. Makwale iko kwenye bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Coaster kwenda Tukuyu, unafika juu ya mita 1,500, unaanza kutafuta sweta. Chini kwetu ni mpunga, kakao, michikichi, mvua nyingi, joto na mbu. Shika tofauti hiyo ya juu na chini, maana ina uzito wake.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alimwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya. Baadaye akaona wengine. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe huo, na leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli B za kinga, na kwa Afrika inawashika zaidi watoto wa miaka 4 hadi 7. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliendesha gari la mtumba kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini kupitia Tanganyika na Nyasaland, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kuuona uvimbe huu? Ramani iliyotokea ilishangaza. Ugonjwa ulikuwa mabondeni na pwani, kwenye joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Yaani ugonjwa ulifuata mbu. Bonde la Kyela lina kila sharti la ramani ile. Milima ya Rungwe juu yake haina.

Mwaka huo huo wa 1961 Michael Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza virusi walivyoviona ndani ya seli hizo, virusi vya Epstein-Barr. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuhusishwa na saratani ya binadamu. Virusi hivi zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo, na wengi havijawafanya lolote. Kwa hiyo peke yake havitoshi. Mwenzake ni malaria. Kati ya mwaka 1977 na 1982, huku kwetu Tanzania, watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma hii. Ugonjwa ulipungua, ingawa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla, kwa hiyo jibu halikuwa safi.

Na telomerasi inaingilia wapi? Fuata hatua. Seli B ikipambana na malaria inakata na kuunga jeni zake za kingamwili ili kupata silaha bora. Malaria ikimrudia mtoto kila mara, ukataji unakuwa mwingi mno. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8 kinaungwa kimakosa kwenye kromosomu ya 14. Kwenye kipande hicho kuna jeni inayoitwa MYC, ambayo kazi yake ni kuiambia seli ikue na igawanyike. Sasa imehamishiwa jirani na jeni ya kingamwili, ambayo kwenye seli B haizimwi. Ni kama kuiunga redio kwenye laini isiyo na swichi. Kwa kawaida seli yenye kasoro kama hiyo ingejiua, lakini virusi vya Epstein-Barr vinasaidia kuizuia isife. Na MYC, pamoja na kazi zake nyingine, inakaa moja kwa moja kwenye swichi ya TERT na kuiwasha. Hili lilionyeshwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufuli limevunjwa. Seli zinaongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na akiba haiishi.

Kwetu mtoto akivimba taya, neno la kwanza ni jino. La pili ni kurogwa. Kati ya maneno hayo mawili zinapita wiki, na uvimbe unaoongezeka kwa kasi ile hausubiri wiki. Inauma kwa sababu kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake: dawa za saratani zinaua seli zinazogawanyika haraka, na limfoma ya Burkitt huyeyuka kwa dawa kuliko saratani karibu zote. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukipotea kwa dozi chache. Nchi zenye uwezo, watoto 9 hivi kati ya 10 wanapona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatisha dawa njiani.

Wezi wengine wa ufunguo ule ule

Burkitt si pekee. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inaletwa na virusi vya HPV. Virusi hivyo vina protini iitwayo E6 inayofanya kazi mbili: inaiharibu protini inayotengenezwa na TP53, ile ile ambayo tembo ana nakala zake nyingi, na inaiwasha TERT. Homa ya ini aina ya B, inayoleta saratani ya ini, huchomeka DNA yake ndani ya DNA ya mgonjwa, na mahali panapokutwa pamechomekwa mara nyingi kwenye uvimbe ni jirani na jeni ya TERT.

Saratani tatu, virusi vitatu, njia tatu tofauti, mlango mmoja. Uzuri ni kwamba viwili kati yake vina chanjo. Ya homa ya ini B imo kwenye chanjo za watoto wachanga. Ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mashuleni ndiko inakotolewa zaidi. Ukitaka kuchezea telomerasi kwa faida, hapo ndipo pa kuanzia: zuia wezi wasifike kwenye kufuli.

Kuizima kwa dawa pia kumeanza. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha imetelstat, dawa ya kwanza inayozuia telomerasi, kwa ajili ya kundi la magonjwa ya damu yanayotokana na uboho. Safari ya kutoka Krismasi ya 1984 mpaka hapo ni karibu miaka 40. Kwa hiyo mtu akikwambia ana dawa ya telomerasi kwenye mkoba, ya mwelekeo wa kinyume, isiyopita maabara wala mamlaka ya dawa, muulize maswali machache. Inawasha telomerasi kwenye seli zipi? Kama ni zote, vipi kuhusu ile seli moja iliyokatika breki tayari, ambayo huijui, na ambayo inasubiri mafuta tu? Na kama haiwashi kitu, hela ni ya nini?

Kwa wale tunaokwenda kufundisha

Wengi tunaosoma ualimu tutapangiwa shule za mabondeni: Kyela, Kilombero, kando ya Ziwa Victoria, pwani. Hatutakuwa madaktari, lakini tutawaona watoto siku tano kwa wiki, karibu zaidi ya daktari yeyote. Mtoto mwenye taya linalovimba siku hadi siku, meno yanayolegea bila sababu, jicho linalosukumwa nje au tumbo linalojaa ghafla, asiachiwe aendelee kusubiri jino. Mwite mzazi, zungumza naye kwa heshima, bila kumcheka kuhusu mganga, na umsisitize: kituo cha afya leo, hospitali ya wilaya kesho, rufaa ikibidi. Muhimbili na Bugando wanatibu saratani za watoto. Mwambie pia jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: kwamba uvimbe huu unatibika, na kwamba ukipungua haujaisha, dozi imaliziwe. Siku ya chanjo ya HPV ikifika shuleni kwako na uvumi ukaanza kwamba inafunga uzazi, wewe ndiye utakayeulizwa na mama wa mtoto getini. Uwe na jibu.

Na hao watu wa kwenye vimbweta, wakija tena, wapisheni. Wazazi wetu wakitaka kuzeeka vizuri, neti, kipimo cha presha na kipimo cha mlango wa kizazi vitawasaidia kuliko kopo lile. Tunazeeka, kwa sehemu, kwa sababu mwili uliamua kutulinda tusife tukiwa watoto. Bei hiyo ni kubwa, lakini ukiwa umewahi kuona taya la mtoto wa miaka mitano lililovimba kama chungwa, hutaulaumu mwili kwa kuilipa.